Kompyuta ya Kikundi Ikipunguza Mwendo: Msikimbilie Kununua Nyingine



Siku hizi vikundi vingi huku Kitui na Makueni vinaweka hesabu zao kwenye kompyuta ya mezani, mara nyingi iliyotumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Mwanzoni inaenda vizuri. Baada ya mwaka au miwili, mweka hazina anaanza kulalamika. Asubuhi mashine ni nzima, lakini ikifika saa nane mchana, kufungua kitabu cha mikopo tu ni kungoja na kungoja. Basi mmoja anasimama mkutanoni: "Hii imezeeka. Tutoe akiba tununue nyingine."

Ngojeni kwanza. Huenda dawa yake ni brashi ya shilingi chache.

Kwa nini inapunguza mwendo?

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kile kibamba kidogo kinachofanya hesabu zote. Mwendo wake hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kwa mfano, Intel Core i5-6500 iliyotoka mwaka 2015 imeandikiwa gigahezi 3.2.

Prosesa ikifanya kazi inapata joto. Juu yake kuna chuma chenye mapezi na feni ya kuondoa joto hilo. Sasa fikirieni vumbi letu la kiangazi, na chumba cha mabati kule Kibwezi au Mutomo wakati wa jua kali. Vumbi linaziba mapezi, hewa haipiti. Joto likikaribia nyuzi 100, prosesa yenyewe inapunguza mwendo ili isiungue.

Ni kama punda anayebeba maji kutoka mtoni saa sita mchana. Akichoka anapunguza mwendo. Ukimchapa hafiki haraka. Mpeleke kivulini kwanza.

Pimeni kabla ya kutibu

Kama mashine inatumia Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Chagua "Performance", halafu "CPU". "Base speed" ni mwendo ulioandikiwa prosesa. "Speed" ni mwendo wa sasa hivi. Mashine ikipumzika, mwendo unaweza kushuka hata chini ya gigahezi 1. Hiyo si shida, inaokoa stima. Ipe kazi nzito, kama kukagua virusi, kisha angalia kwa dakika kumi na tano hivi:

1. Mwendo ukipanda na kubaki juu, prosesa ni nzima. Tafuteni shida kwingine, kama vile diski ya zamani au kumbukumbu ndogo.

2. Ukianza vizuri, halafu ushuke chini ya "Base speed" huku feni ikinguruma, hilo ni joto.

3. Ukikaa chini tangu mashine inapowashwa, hata asubuhi kukiwa na baridi, angalieni mipango. Fungua "Power Options". Ikiwa imewekwa "Power saver", chagua "Balanced". Na ikiwa ni ile kompyuta ndogo yenye adapta ya nje, hakikisheni adapta ni ya mashine hiyo. Nyingine zikiona adapta ngeni zinapunguza mwendo zenyewe.

Kuondoa vumbi

Kwanza nakilini hesabu za kikundi kwenye flashi. Zimeni mashine, chomoeni waya wa stima, mngoje kidogo. Itoeni nje, fungueni ubavu wake. Mguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu cha ndani. Kwa brashi laini, mpya na kavu, ondoeni vumbi kwenye mapezi na feni, kisha mpulize kwa pampu ya baiskeli. Shikeni feni kwa kidole isizunguke. Msitumie maji wala kitambaa chenye unyevu. Na lile sanduku dogo linaloingiza stima msilifungue kabisa. Hubaki na stima ya hatari hata likichomolewa.

Rudisheni, mpime tena. Ikiwa bado inashuka, angalieni kama feni inazunguka. Kama inazunguka, pengine ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma imekauka. Hiyo ni kazi ya fundi. Mwambieni awaonyeshe mwendo kabla na baada ya kazi. Fundi anayesema "nunueni nyingine" bila kupima, mwulizeni amejuaje.

Kuzuia

Wekeni kompyuta juu ya meza, si sakafuni, na isibanwe ukutani. Kile kitambaa kizuri cha kufuma kifunike mashine ikiwa imezimwa na imepoa tu. Isafisheni kila baada ya miezi mitatu, na wakati wa kiangazi mara nyingi zaidi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kompyuta yetu imewekwa wapi, na hewa inapita wapi?
2. Nani ana zamu ya kuisafisha, na nani anaandika tarehe?
3. Ikizimika leo, hesabu za wanachama ziko mahali pengine?
4. Akiba tuliyotaka kununulia nyingine, ingefanya kazi gani?