Njia za Baisikeli Vilimani Amukura: Jasho Lipimwe Kwanza (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi boda boda ilivyozaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, pale waendesha baisikeli walipoanza kuwavusha wasafiri na mizigo yao katika ile zaidi ya nusu maili iliyotenganisha lango la Kenya na lango la Uganda. Safari ile ilikuwa fupi na haikuwa na mlima wa kutisha. Mambo hubadilika baisikeli hiyo hiyo inapoupa mpaka kisogo na kuelekea Amukura, kwenye vilima vya mawe vya Teso Kusini. Huko, njia mbili zenye urefu sawa zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana: moja mwendeshaji anaikanyaga huku akiongea na mwenzake, nyingine anaimaliza akiwa ameshuka, kainamia usukani, anasukuma. Hoja yangu ni kwamba njia ya baisikeli katika nchi ya vilima ipimwe kwa jasho linalomtoka anayeipita. Kilomita, ambazo ndizo hutajwa kila barabara ya kijijini inapotangazwa, humdanganya mpangaji na kumwonea mwenye baisikeli.

Busia haihesabiwi miongoni mwa kaunti za milima, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kutoka ufuo wa Ziwa Viktoria, penye mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, hadi vilele vya Samia na Teso Kaskazini vinavyokaribia mita 1,500, tofauti ni mita 370 tu. Mlima Elgon, jirani wa upande wa kaskazini, unapita mita 4,300. Mtu akizisoma takwimu hizo ofisini ataona nchi laini. Lakini miguu haipandi wastani wa kaunti; inapanda kilima kilicho mbele yake. Sehemu ya kaskazini ya kaunti ni uwanda uliochomozwa na miamba mikubwa ya matale, Amukura na Chelelemuk, na baina ya vilima kuna mabonde yanayopeleka maji kwenye mito kama Sio na Malaba. Njia iliyonyooshwa kwa rula juu ya nchi ya namna hiyo hupanda, ikashuka, ikavuka kijito, ikapanda tena. Mwisho wa safari mwendeshaji yuko karibu kimo kile kile alichoanzia, na hata hivyo amepanda mara nne.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu hili litabaki kuwa malalamiko. Chukua baisikeli ya kawaida ya mzigo, ile tunayoiita Black Mamba, yenye uzito wa kilo ishirini na kitu na gea moja tu. Nyuma, juu ya karia, limelazwa gunia la mahindi la kilo 90, limekazwa kwa vipande virefu vya tyubu kuukuu vilivyozungushwa mara kadhaa na kufundikwa chini ya kiti. Ongeza mwendeshaji wa kilo 65. Jumla inapita kidogo kilo 175. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa vizuri, ukinzani wa tairi kwa makadirio ya kawaida ni kama sehemu 15 kwa 1,000 za uzito wote. Maana yake ni rahisi kuliko inavyosikika: kazi ya kuusukuma mzigo ule kilomita moja ya tambarare ni sawa na kazi ya kuunyanyua mita 15 kwenda juu. Na kwa kuwa uzito uko pande zote mbili za mlinganyo, kanuni haibadiliki ukibeba gunia au ukibeba mtoto. Kilima cha mita 60, ambacho dereva wa gari hakikumbuki akifika, kinamgharimu mwenye baisikeli jasho la kilomita nne za ziada. Basi njia ya kilomita tano inayokizunguka kilima hicho bila kukipanda ni fupi, kwa hesabu ya miguu, kuliko njia ya kilomita mbili inayopita juu yake.

Mtu atauliza: je, kinachopandwa si hushukwa, na mteremko haurudishi nguvu zile? Hurudisha, kama mwendeshaji anaweza kuiachia baisikeli ijiendee. Hapa haiwezekani mara nyingi. Baisikeli hizi nyingi zina breki za vyuma virefu vinavyovuta vipande vya mpira kwenye rimu, na rimu ikilowa mpira huteleza. Chini ya mteremko kuna kona, au kalvati lililobomoka ukingo, au ng'ombe wanavuka kwenda mtoni. Mwendeshaji mwenye gunia nyuma hufunga breki tangu juu, na nguvu zote alizozilipia akipanda huishia kuwa joto kwenye rimu. Kisha kuna matope. Eneo hili lina mvua za masika tangu Machi hadi Mei, na changarawe ikishachukuliwa na maji, ukinzani wa tairi huongezeka maradufu au zaidi, hata ile faida ya kuzunguka kilima ikaliwa na utelezi wa bondeni. Kwa hiyo njia ya kuzunguka si njia ya bure. Inadai mtaro uliochimbwa vizuri na kalvati lililo imara kuliko ile ya juu ya mgongo wa kilima, inayojikausha yenyewe.

Wahandisi wa reli waliijua zamani kanuni hii ya kuzunguka badala ya kupanda. Reli iliyopita Malaba na kufika Kampala mwaka 1931 haikunyooshwa. Ilipindapinda kutafuta mwinuko mpole, kwa sababu injini ya mvuke, kama mguu wa binadamu, ina nguvu yenye kikomo na haina njia ya kuiongeza mlima unapokuja. Wala hakuna anayeilaumu reli kwa kuzunguka. Baisikeli ni ndugu ya treni kuliko ilivyo ndugu ya lori, lakini tunaipangia njia kana kwamba ina injini ya dizeli.

Pingamizi la kwanza husema kwamba haya yamepitwa na wakati, kwani pikipiki imeshaimaliza baisikeli. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, abiria wengi wamehama. Lakini tuangalie nani hakuhama. Mtungi wa maji wa lita 20 hauwezi kujilipia petroli. Wala gorogoro tatu za mahindi zinazopelekwa posho mill, wala mwanafunzi wa kutwa anayekwenda na kurudi kila siku. Mzigo wa thamani ndogo na safari ya kila siku vimebaki juu ya baisikeli au kichwani, na wenye mizigo hiyo ndio wasio na sauti katika vikao vya bajeti. Isitoshe, njia yenye mwinuko mpole humpunguzia hata wa pikipiki mafuta.

Pingamizi la pili ni la wapenda michezo, na nalo lina uzito wake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, katika nchi ya vilima kweli kweli. Je, vilima viliwazuia waendeshaji? Havikuwazuia, lakini baisikeli ya mashindano kikanuni inaruhusiwa kushuka hadi kilo 6.8, ina gea nyingi, na mzigo wake ni chupa ya maji. Wengine hutaja baisikeli ya kazi aina ya Buffalo iliyotengenezwa hivi karibuni ikiwa na minyororo miwili na gea mbili, ambayo hubadilishwa kwa kukanyaga kinyumenyume. Ni chombo kizuri, nami ningependa kukiona kila kijiji cha Teso. Lakini gea hugawanya tu mzigo katika hatua ndogo ndogo. Mita 60 hubaki mita 60, na gunia halipungui hata punje.

Wapo pia wanaosema mwendeshaji atumie barabara kuu, iliyokwisha kulainishwa miinuko. Barabara kuu ya Malaba ni njia ya malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda na mbele zaidi. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri vipimo vya Korona, foleni ilienea kilomita nyingi kutoka mpakani. Foleni ikijipanga pembezoni mwa lami, baisikeli husukumwa mtaroni. Kumwambia mtu mwenye gunia apite hapo ili akwepe kilima ni kumbadilishia jasho kwa damu.

Lililo gumu kuliko yote ni ardhi. Vijia vinavyozunguka vilima vingi vimechorwa na miguu yenyewe. Havimo kwenye ramani ya mashamba. Shamba likigawanywa kwa watoto watatu, au miwa ikipandwa hadi ukingoni, kijia hufungwa na ni vigumu kumshtaki mtu, maana kwenye ramani hakikuwapo. Mwenye shamba ana haki yake, na Katiba ya 2010 inadai alipwe fidia ya haki na ya haraka ardhi yake ikichukuliwa kwa matumizi ya umma. Gharama hiyo ni ya kweli. Lakini kijia cha baisikeli hakihitaji upana wa barabara ya gari, na Katiba hiyo hiyo imeikabidhi kaunti barabara zake, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri Nairobi. Kilichokosekana ni orodha: vijia vipi, vinapita wapi, vinapanda kiasi gani.

Orodha hiyo haidai mtaalamu wa kigeni. Fundi wa ujenzi yeyote hupima usawa wa msingi kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga na uliojazwa maji: maji katika ncha zote mbili husimama kimo kimoja, na tofauti husomwa kwenye fito mbili. Vijana wawili wenye mpira wa mita kumi na daftari wanaweza kupima kilima kizima kwa siku chache, wakianzia penye njia panda ambapo alama za tairi nyembamba huiacha barabara na kuingia pembeni, kuzunguka mwamba.