Gari Likivutwa kwa Kibao Ambacho Hakikuwepo



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mbolea, maji safi na vyama vya akiba. Safari hii tunaandika juu ya gari lililovutwa na brekdauni, kwa sababu kwa familia nyingi za hapa Eldoret gari si anasa. Pikapu ndiyo shamba, na mara nyingi bado inalipiwa deni la sacco. Ikifungiwa yadi siku tatu, kabichi zinaoza, wateja wanahama, na mwisho wa mwezi sacco haiulizi pikapu ilikuwa wapi.

Tuchukue mfano ambao si wa mtu yeyote tunayemjua. Mama analeta mboga mjini kutoka Moiben. Anafika saa kumi na mbili asubuhi, anaegesha pale anapoegesha siku zote karibu na Uganda Road, analipa ada ya siku kwa simu na ujumbe wa malipo unaingia. Saa nne akirudi, nafasi iko wazi. Kwenye mlingoti wa stima kuna karatasi imefungwa kwa kamba: hakuna kuegesha leo. Vijana wa boda boda wanamwambia, "Mama, gari imevutwa. Na hiyo karatasi wameweka saa mbili."

Je, amefanya kosa gani?

Vibao vya muda vyenyewe si vibaya. Mji wetu ulipokea hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na siku kama hiyo barabara haziwezi kuachwa wazi kwa kila gari. Ni vivyo hivyo siku ya mbio za marathon za jiji, zilizoanza mwaka 2018, au siku bomba la maji taka linapochimbuliwa. Chini ya Katiba ya 2010 maegesho ya magari ni kazi ya kaunti, kwa hiyo ina haki ya kusema leo msiegeshe hapa. Lakini kusema ni lazima kusikike. Karatasi iliyobandikwa baada ya mtu kuegesha haijamwambia kitu.

Sheria ya Kenya inaliunga mkono jambo hili. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa njia ya haraka, halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki. Bunge likaongeza sheria ya mwaka 2015 juu ya matendo ya haki ya kiutawala, ambayo inasema kwamba ofisi ikitaka kuchukua hatua inayomwumiza mtu, impe kwanza taarifa ya mapema na ya kutosha. Maneno hayo mawili, mapema na ya kutosha, ndiyo silaha ya mama yetu. Kibao kilichowekwa saa mbili kwa gari lililofika saa kumi na mbili si cha mapema. Karatasi iliyogeuzwa na upepo, isiyo na tarehe wala jina la ofisi, si ya kutosha.

Wenzetu wa jimbo la California, Marekani, wameliandika jambo hili kwa saa na siku. Gari likivutwa huko, mwenyewe ana siku 10 tangu tarehe ya taarifa kuomba asikilizwe, na akiomba, kikao kinafanyika ndani ya saa 48, bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Kwetu njia ni ndefu zaidi na inataka barua. Lakini ipo, na wengi wetu hatuitumii kwa sababu tumezoea kulipa na kunung'unika.

Lakini tuseme ukweli wote. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 403, inakataza gari kuzuia njia, kibao kiwepo kisiwepo. Ukiegesha mbele ya lango la hospitali ambulensi ikashindwa kupita, usije kutuuliza habari ya vibao. Hoja ya kibao inamsaidia yule aliyeegesha mahali panaporuhusiwa siku zote. Ndiyo maana ule ujumbe wa simu ni wa thamani kuliko kelele: unaonyesha kwamba ulilipa siku hiyo, na saa ngapi. Ni vigumu kwa ofisi kupokea ada yako asubuhi, halafu kabla ya mchana iseme hukutakiwa kuwa hapo. Usiufute.

Sasa, ufanye nini saa hiyo hiyo? Usianze kumfokea kanjo, maana huenda yeye ametumwa tu. Jambo la kwanza ni kupiga picha. Piga kibao kwa karibu hadi maandishi yasomeke, kisha rudi nyuma upige mtaa mzima, ili ionekane kibao kiko wapi na gari lilikuwa wapi. Kama ni kimoja tu kwa mtaa mrefu, hilo lionekane. Kama kimefichwa nyuma ya kibanda, piga ukiwa umesimama mahali dereva anapokaa. Fanya hivyo kabla ya kwenda yadi, maana kibao cha muda huondolewa jioni na ushahidi unaondoka nacho. Waombe walioona majina na namba za simu: mwenye kioski, askari wa benki, mama wa mahindi. Mahakamani picha ya simu hukubaliwa, ila sheria ya ushahidi inataka cheti cha kueleza ilipigwa na nani na kwa chombo gani, kwa hiyo iache kwenye simu ile ile iliyoipiga.

Halafu uliza nani amevuta. Inaweza kuwa kaunti, inaweza kuwa polisi wa trafiki, inaweza kuwa mlinzi wa jengo la mtu binafsi, na kila mmoja ana mlango wake. Kama ni polisi, gari kwa kawaida liko kituoni na limeandikwa katika kitabu cha OB, chukua namba. Hapo kuna mtego mmoja. Ukifikishwa kortini, wapo watakaokuambia ukubali kosa, ulipe faini kidogo, uende nyumbani. Ukishakubali, habari ya kibao imekwisha. Kama huna kosa, kana, na ueleze sababu.

Kama ni kaunti, uliza swali moja kwa upole: malipo haya yako katika sheria gani? Chini ya Kifungu cha 199 cha Katiba, sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti rasmi, na ada za kaunti huwekwa katika Sheria yake ya Fedha. Ada ya kuvuta na ya kulaza gari yadi inapaswa kuonekana huko kwa shilingi na senti. Mtu akikutajia bei kutoka kichwani, halafu akaishusha ukikunja uso, hiyo si ada, ni kitu kidogo. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Hongo, nayo inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Sisi watu wa kanisa tusijidanganye kwamba ni dhambi ya askari peke yake.

Je, ulipe au ukatae? Wapo wanaosema ukilipa umekubali. Hatuoni hivyo. Gari likiendelea kulala yadi deni huongezeka, na mwenye kuumia ni wewe. Lipa upate mali yako, lakini chukua risiti rasmi yenye namba, na siku hiyo hiyo uandike kwamba umelipa huku ukipinga. Kabla ya kutia sahihi, zunguka gari. Tazama bampa, betri, spea na jeki. Ukikuta mkwaruzo mpya, uandike kwenye fomu yao ya kutolea gari. Ukitoka langoni hakuna atakayekuamini.

Barua iwe fupi. Mwandikie Meneja wa Jiji, nakala kwa Katibu wa Kaunti, hivi:

"Tarehe fulani niliegesha gari namba fulani katika mtaa fulani saa 12 asubuhi, nikalipa ada ya siku (nakala imeambatishwa). Hapakuwa na kibao. Kibao kiliwekwa baadaye, na gari likavutwa. Nimelipa shilingi kadhaa huku nikipinga. Naomba sababu kwa maandishi, nakala ya amri iliyofunga mtaa ikionyesha tarehe na saa ya kuweka vibao, na kurudishiwa pesa zangu."

Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio unaoanzisha saa. Kwa sheria ya mwaka 2015, ofisi ina miezi mitatu kukupa sababu. Ikinyamaza, itahesabiwa kwamba ilitenda bila sababu nzuri, mpaka ithibitishe vingine. Na ile nakala ya amri unaweza kuidai kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inataka jibu ndani ya siku 21. Hapo ndipo kesi nyingi zinaweza kumalizikia, maana kama hakuna karatasi inayoonyesha kibao kiliwekwa lini, ofisi haina la kukujibu.

Wasipojibu, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko bure. Kwa hasara ya mali, kama bampa iliyovunjwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Karani wa korti atakuonyesha fomu. Usiache mwaka upite.

Na kwa kuwa tunasema juu ya vibao, tujitazame nasi. Siku ya harusi au ya mkutano wa injili, vijana wetu hupanga mawe na ndoo barabarani ili wageni wapate nafasi, na jirani akiegesha hapo hutishiwa kutolewa upepo. Jiwe si kibao. Parokia ikitaka mtaa ufungwe, iombe kibali kwa kaunti na polisi, iwaarifu majirani na wenye maduka kwa tangazo lenye tarehe, saa na namba ya simu, na ibandike mapema, si alfajiri ya harusi. Kamati za harusi zilizo na sherehe mwezi wa Desemba zianze kuomba sasa.