Picha Nzuri Ni Ipi, na kwa Macho ya Nani?

Bila shaka umepata kuiona picha ya arusi ambayo gauni la bibi arusi limetokea jeupe hata nakshi zake zahesabika, lakini uso wa mama yake mzazi, aliyesimama ubavuni pake, umekuwa kivuli kitupu. Muuza simu atakuambia kwamba kamera hiyo ni ya kiwango cha juu. Je, kiwango hicho kilipimwa kwa macho ya nani?

Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipa maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyoitwa Shirley. Ngozi yake ikitokea vyema, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ni katika miaka ya 1990 ndipo ilipotolewa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Kamera ya dijitali haina filamu, lakini nayo hufuata uamuzi wa waliyoiunda. Ikikutana na gauni jeupe hupunguza mwanga ili kulihifadhi, na uso mweusi ukazama gizani. Kampuni ya Transsion ya China, yenye simu za Tecno, ilijipatia wanunuzi wengi Afrika kwa kuzirekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi. Google nayo ilifuata mwaka 2021.

Tofauti si ya rangi tu. Mwaka 2001 wataalamu Masuda na Nisbett walieleza jinsi walivyowaonyesha Wajapani na Wamarekani sinema ya samaki. Wamarekani walianza kumtaja samaki mkubwa. Wajapani walianza na maji na mazingira yake. Basi simu inayofifisha mandhari ili uso ujitokeze humpendeza mmoja na kumuudhi mwingine, hasa aliyetaka jamaa zake waione nyumba yake mpya.

Lakini jihadhari: simu nyingine huing'arisha ngozi bila ya kuombwa. Mtoto anayeuona uso wake umefanywa mweupe hufundishwa kwamba rangi yake ni kasoro.

Kwa hiyo, kabla hujalipa fedha zako, usiridhike na picha za dukani. Mpige picha mwenzio mweusi zaidi akiwa kando ya mwenye shati jeupe, kisha uangalie: je, ndiye yeye? Wazee wetu wataondoka, na wajukuu watabaki na picha. Tusiwaachie vivuli.