Chumvi, Maji na Mafuta: Ni Nini Kinachovishika?



Wazazi wengi wa jamii yetu hapa Uingereza hunyamaza mtoto anapoweka daftari la kemia mezani. Hudhani kwamba elimu ile, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, haiwahusu. Sivyo. Kemia imo jikoni mwetu, na Kiswahili kinatosha kuieleza. Mwezi huu twakusudia kufafanua jambo linalowatatiza wanafunzi wengi: tofauti baina ya kifungo kinachoshika atomu ndani ya molekuli, na mvuto unaoshika molekuli na jirani yake.

Vifungo vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni cha ioni, nacho kimo katika chumvi. Atomu ya sodiamu huiachia atomu ya klorini elektroni moja. Ya kwanza hubaki na chaji chanya, ya pili hupata chaji hasi, nazo huvutana. Mvuto huo ni mkali hata chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi.

Cha pili huitwa kovalenti, yaani cha ushirika. Hapa hapana mtoaji wala mpokeaji: atomu mbili humiliki pamoja jozi ya elektroni, mithili ya ndugu wawili wenye shamba moja lisilogawanyika. Wazo hili lilielezwa na Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1916. Molekuli za maji, sukari na mafuta zimefungwa hivyo.

Cha tatu ni cha metali. Katika sufuria ya alumini, elektroni za nje hazina atomu maalumu. Huzunguka baina ya zote. Ndiyo maana sufuria hupitisha joto upesi, na ikigongwa hubonyea badala ya kuvunjika vipande.

Sasa tutazame mvuto baina ya molekuli. Huu ni dhaifu kuliko vifungo tulivyovitaja. Upo ule wa jumla, unaopatikana katika molekuli zote, uliopewa jina la Mholanzi van der Waals. Upo pia ule wa haidrojeni, ambao maji yamejaaliwa kwa wingi: haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini tu ya kifungo cha ndani, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kwa sababu yake maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza, ambayo molekuli yake ni nzito kuliko ya maji, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri.

Hapa ndipo penye mtego wa mtihani. Birika likichemka, ni nini kinachokatika? Wanafunzi wengi hujibu kwamba haidrojeni na oksijeni zimeachana. La hasha! Kinachokatika ni mvuto baina ya molekuli. Mvuke ni maji yale yale, na ukigusa mfuniko baridi hurudi kuwa matone. Lau gesi hizo mbili zingeachana, jiko letu lingekuwa hatarini kulipuka kila tupikapo chai.

Mafuta nayo hayachanganyiki na maji, kwani molekuli za maji hushikana zenyewe kwa nguvu na kuyatenga mafuta, nayo, kwa wepesi wake, huelea juu. Jambo hili si la mtihani tu, ni la uhai. Karai la sambusa likishika moto, tusimwagie maji kamwe. Maji huzama chini ya mafuta yaliyopita nyuzi 300, hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja huwa takriban lita 1,700 za mvuke, ukarusha mafuta yawakayo hadi darini. Tuzime jiko ikiwa twaweza kulifikia kwa usalama, tulifunike karai kwa mfuniko, wala tusilibebe. Moto ukizidi, tutoke sote, tufunge mlango, tupige simu 999.

Basi wazazi, leo jioni muulizeni mtoto swali lile la birika, na mlijadili kwa Kiswahili. Akishaelewa kwa lugha ya nyumbani, kuandika kwa lugha ya shuleni hakutamshinda.