MPIGA NGOMA AU MASHINE?
Bendi za kambini zipime vema kabla ya kuchagua

Ngoma ndiyo uti wa mgongo wa bendi, lakini mpigaji wake ndiye anayekosekana upesi kuliko wenziwe wote. Katika kambi zetu wapiga gitaa hupatikana karibu katika kila platuni. Waimbaji ndio hawahesabiki, maana kila aliyewahi kuimba bafuni hujidhania kuwa mwimbaji. Lakini mpiga ngoma hodari, awezaye kukaa nyuma ya ngoma zake kwa saa tano mfululizo bila kuyumbisha mapigo, mara nyingi huwa ni mmoja tu. Siku barua yake ya uhamisho ifikapo, au kikosi chake kiitwapo kwenda mpakani, bendi nzima hulala. Ala hufunikwa turubai, na jioni za mwisho wa mwezi huwa kimya. Ndipo husikika sauti ikisema: "Ya nini kuhangaika? Tununue mashine."

Shauri hilo si la kipuuzi, wala hatutalicheka. Mashine ya kupiga ngoma ipo, inafanya kazi, na leo hii mtu aweza kuipata hata ndani ya simu yake ya mkononi. Katika makala haya tutalipima jambo hili pande zote mbili, kama askari apimavyo silaha mbili kabla ya kuchagua ya kwenda nayo vitani. Hatuulizi ni ipi iliyo mpya zaidi. Swali letu ni hili: ni ipi itakayofaa siku ya kazi?

MASHINE ILIVYOANZA

Yafaa kwanza ieleweke kwamba ngoma za bendi ya dansi zenyewe ni zao la ufundi wa mitambo. Zamani, katika bendi za matarumbeta za Ulaya na Marekani, mtu mmoja alibeba ngoma kubwa, wa pili ngoma ndogo, na wa tatu matoazi. Mwaka 1909, katika mji wa Chicago, William F. Ludwig alianza kutengeneza kanyagio la kupigia ngoma kubwa kwa mguu. Kwa kanyagio la namna hiyo mtu mmoja aliyeketi aliweza kufanya kazi ya watu watatu. Hivyo kupunguza watu kwa kutumia chombo si jambo lililoanza juzi.

Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilitoa chombo kilichoitwa Sideman, chenye kisahani kilichozunguka ndani yake na kuamsha sauti za umeme kwa zamu. Kilikusudiwa kumsindikiza mtu apigaye kinanda peke yake. Huko Japani, fundi Ikutaro Kakehashi alitoa mashine yake ya Rhythm Ace mwaka 1967, kisha akaanzisha kampuni ya Roland mwaka 1972. Mwaka 1980 ukawa mwaka wa mageuzi. Roland ilitoa mashine iitwayo TR-808, na katika Marekani Roger Linn akatoa LM-1, mashine ya kwanza ya kuuzwa iliyohifadhi sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Hiyo LM-1 iligharimu karibu dola 5,000, na zilitengenezwa zipatazo 500 tu.

Wanamuziki waliingiwa na hofu. Mwaka 1982 tawi moja la chama cha wanamuziki wa Uingereza, lililoko katikati ya London, lilipitisha azimio la kutaka vyombo vya namna hiyo vizuiwe. Azimio halikuzuia kitu. TR-808 iliuzwa kwa shida na kuachwa kutengenezwa mwaka 1983, lakini vijana maskini wa miji ya Marekani walizinunua zilizokwisha tumika kwa bei nafuu, wakajengea juu yake muziki wao mpya. Mashine ikapata makao.

SIFA ZA MASHINE

Tuzitaje sifa za mashine kwa haki. Mashine haichelewi mazoezini. Hailewi. Haigombani na mwimbaji juu ya posho, haiombi ruhusa ya kwenda kuzika shangazi kwa mara ya tatu, wala haipati uhamisho. Ukiiamuru ipige mapigo 120 kwa dakika, itapiga 120 tangu magharibi hadi alfajiri. Pia hupunguza mzigo: ngoma kamili hujaza nusu ya gari, na mashine huingia mfukoni. Kwa mtungaji anayetaka kusikia wimbo wake kabla ya kuwafundisha wenziwe, ni msaidizi asiye na kifani.

Lakini yafaa tukumbuke jambo moja ambalo waundaji wenyewe walilitambua mapema. Roger Linn alipotengeneza mashine yake aliiwekea kitufe cha kuyayumbisha mapigo kidogo, ili mengine yachelewe kwa makusudi na muziki upate mwendo wa kuchezeka. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mapigo yaliyonyooka kama rula huweza kuuchosha mwili. Mashine ilipokwisha kuwa sahihi kabisa, fundi wake alilazimika kuifundisha kasoro za binadamu.

KAZI YA MPIGA NGOMA

Askari wengi hudhani kazi ya mpiga ngoma ni kupiga. La hasha! Kazi yake ya kwanza ni kutazama na kusikiliza. Kupiga huja baadaye. Mwimbaji anaposahau ubeti, mpiga ngoma huzungusha mdundo mara moja zaidi ili kumpa nafasi ya kujikusanya. Wachezaji wanapochoka, hushusha. Mpiga gitaa anapopandwa na ari, humfuata na kumsukuma. Mashine haioni uwanja. Mwimbaji akipotea, yenyewe husonga mbele na kumwacha njiani, kama lori lisilo na dereva.

Katika gwaride jambo hili huonekana wazi zaidi. Majeshi mengi yaliyofuata desturi ya Kiingereza hutembea mwendo wa haraka kwa hatua 116 hadi 120 kwa dakika, na mwendo wa polepole kwa hatua zipatazo 65. Kikosi cha Légion étrangère cha Ufaransa kinajulikana kwa hatua zake 88. Mtu aweza kusema: basi namba tunazo, tuipe mashine. Lakini gwaride halitembei juu ya karatasi. Kuna kona, ambapo askari wa nje huongeza urefu wa hatua na wa ndani huufupisha. Kuna kilima na tope. Kuna kruti wa mstari wa nyuma ambao sauti huwafikia kwa kuchelewa. Mpiga ngoma kubwa huyaona yote hayo kwa jicho moja, na jicho la pili hulielekeza kwa kiongozi wa bendi.

Na kuna siku ambayo hakuna aombaye ifike, nayo hufika. Ni siku ya kumzika mwenzetu. Kwa desturi ya majeshi mengi, siku hiyo ngoma hufunikwa kitambaa cheusi ili sauti yake iwe nzito na ya chini. Wabeba jeneza hutembea mwendo wa polepole, kila mmoja akiwa na uzito begani na uzito mwingine kifuani. Mmoja akijikwaa, mpiga ngoma hungoja nukta moja, naye mbebaji hupata tena hatua yake bila wafiwa kujua kwamba aliipoteza. Hiyo nukta moja ya kungoja haiwezi kuandikwa ndani ya chombo, kwa sababu hakuna ajuaye mapema itahitajika wapi. Bendi isiyo na mtu wa kungoja siku hiyo imekosa jambo kubwa, hata kama ina vipaza sauti vya bei ghali.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Katika Buganda kila ukoo una mdundo wake, na wajuao huutambua kabla ya kumwona mpigaji. Ngoma ya hatari iliyoitwa gwanga mujje iliwakusanya watu wote, na mdundo wa saagala agalamidde uliwaambia kwamba hatakiwi mtu aliyelala, waje kwenye kazi ya pamoja. Katika Burundi wapiga ngoma za kifalme huzibeba kichwani na kuzipiga kwa zamu, nayo ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Katika sehemu zote hizo ngoma ilikuwa neno litokalo kwa watu kwenda kwa watu.

MIFANO YA BENDI

Huenda msomaji akauliza: je, wako waliowahi kuchagua? Wako. Katika Liverpool, bendi ya Echo & the Bunnymen ilianza mwaka 1978 ikiwa na vijana watatu na mashine. Kabla ya kutoa sahani yao kubwa ya kwanza mwaka 1980, waliiweka mashine kando na kumchukua Pete de Freitas, kijana mzaliwa wa Trinidad, na mapigo yake yakawa sehemu ya jina lao. Bendi nyingine ya Uingereza, The Sisters of Mercy ya mji wa Leeds, ilishika njia tofauti. Ilibaki na mashine kwa miaka mingi, ikaipa hata jina la mtu, Doktor Avalanche. Muziki wao ulikuwa wa baridi na wa chuma, na mashine iliufaa. Kwa hiyo hatusemi kwamba mashine haimfai mtu yeyote. Tunasema kila mtu aijue kazi anayoitaka.

Mfano wa tatu u karibu na sisi. Katika Kinshasa, bendi ya Zaiko Langa Langa iliyoanzishwa mwaka 1969 ilieneza mdundo wa cavacha, ambao tangu miaka ya 1970 umechezwa Afrika Mashariki na Kati yote. Mpiga ngoma wake, Meridjo Belobi, aliyefariki mwaka 2020, anatajwa kuwa ndiye aliyeutia nguvu. Na husimuliwa kwamba mdundo huo ulitokana na mlio wa gari moshi likipita juu ya reli. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mtu alisikia mashine, akaitia katika mikono yake, nayo ikawacheza mamilioni. Huo ndio utaratibu tunaoupenda: mashine imtumikie mpigaji, wala si mpigaji kuondoka ili mashine ikae.

NAMNA YA KUMPATA

Basi bendi iliyompoteza mpiga ngoma ifanye nini? Kwanza, isitafute nyota. Itafute mtu mwenye subira. Wengi wao wamejificha: ni vijana waliopiga ngoma kanisani, au katika bendi ya shule, au katika ngoma za kijijini kwao, nao hawakuwahi kuulizwa. Tangazo moja kwenye baraza la asubuhi laweza kuwatoa watatu katika kombania moja.

Pili, ajaribiwe kwa mambo matatu. Apige mdundo mmoja rahisi kwa dakika tano bila kuongeza madoido; asiyeweza kuvumilia wepesi hatauweza ugumu. Halafu apige kwa sauti ya chini huku mwimbaji akiimba, ionekane kama anasikiliza. Mwisho, na hapa mashine yapata kazi yake ya heshima, ipigwe mashine kwa mizunguko minne, inyamazishwe kwa minne, huku kijana akiendelea peke yake. Mashine irudipo, ikikutana naye palepale, huyo ni wenu. Ikimkuta mbele au nyuma kidogo, msimfukuze. Mpeni mwezi mmoja wa mazoezi ya namna hiyohiyo, kisha mjaribuni tena.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, asifundishwe mmoja. Wafundishwe wawili, ikiwezekana watatu. Hakuna kamanda aendaye kazini akiwa na mtu mmoja tu ajuaye kutumia redio. Kwa nini bendi iwe na mmoja tu ajuaye ngoma? Ugonjwa, ruhusa na uhamisho ni mambo ya kawaida ya maisha ya askari na polisi, wala havipaswi kuitwa ajali. Kinachoizima bendi ni kutoandaa mrithi. Na huyo aliyehamishwa asihesabiwe kuwa amepotea. Aendako atakuta vijana, na akipewa fimbo mbili na nafasi, kambi ya pili nayo itapata bendi.

Mashine na inunuliwe, kama fedha zipo. Iwekwe katika chumba cha mazoezi, iwe saa ya ukutani ya bendi na mwalimu wa vijana wapya. Lakini siku ya gwaride, siku ya dansi ya familia za askari, na zaidi ya zote siku ya kumsindikiza mwenzetu safari yake ya mwisho, nyuma ya ngoma aketi mtu anayewajua watembeao mbele yake, na awezaye kuwangoja.