Filo imekatika: tuangalie jiwe la pembeni

Kila muchimbaji wa Nyabibwe ao Kamituga anajua huu uchungu: filo ya jiwe nyeupe ilikuwa inatoa muzuri, munaifuata metre kwa metre, kisha siku moja imekatika. PDG anauliza makuta yake, bibi nyumbani anauliza unga. Wengine wanasema ni ulozi. Tuache hayo kando kidogo, tuangalie jiwe.

Miaka karibu milioni 1000 iliyopita, graniti ya moto ilipanda kutoka chini, huku kwetu Kivu, na Maniema, mpaka Rwanda. Ilikuta matope na muchanga wa zamani vilivyokwisha kuwa mawe: shisti na kwarsiti. Ilipoanza kupoa, ilitoa maji ya moto yenye metali ndani. Yale maji yalitafuta nyufa, yakapoa mule, yakaacha kwarsi nyeupe na kasiteriti, pahali pengine volframu. Njo filo ya bati hiyo.

Kuna inchi ambako graniti iliingia katika mawe ya chokaa. Kule maji ya moto yanakula chokaa yenyewe, na metali inajaa ndani ya jiwe lote pamoja na grenati; wanajeolojia wanaliita skarni. Shizhuyuan, kule China, wanachimba volframu na bati katika jiwe la namna hiyo kwa mashini kubwa. Kwetu graniti ilikuta zaidi shisti, kwa hiyo metali ilijificha katika nyufa nyembamba. Ufa ukibana, filo inakufa. Ao mulima ulihama na kuivunja, na kipande kingine kiko pembeni, labda metre mbili, labda makumi.

Sasa, kabla ya kuacha shimo, angalieni ukuta. Kama jiwe la pembeni limekuwa jeupe na linangaa mika mingi, maji ya moto yalipita pale. Haiko ahadi, lakini kule njo pa kujaribu kwanza.

Tena mujilinde na turmalini. Nyeusi kama kasiteriti, na vijana wanabeba mufuko mzima mpaka barabarani, negosyan anacheka. Turmalini iko kama fimbo yenye mistari ya urefu, na ni nyepesi: uzito wake karibu mara 3 ya maji, kasiteriti karibu mara 7. Shika mawe mawili ya ukubwa mumoja, mukono utasema.

Mubaya ni kwamba ile alama muzuri iko pia hatari. Graniti na pegmatiti zikioza zinakuwa udongo mweupe, na mvua ikiingia unakuwa uji. Watu wa Kamituga hawajasahau tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipoingia katika mashimo ya zahabu na wachimbaji wengi hawakutoka tena. Pahali ukuta unakuwa mweupe na laini, miti ya kushikilia iwekwe mbele ya kuchimba, si kesho yake. PDG atasema miti inakula faida. Mumuulize kama yeye anashuka.