Kitufe Kikigoma, Usiiage Simu

Simu ya zamani ikianza kugoma kubonyezwa, wengi huihesabu imekufa. Kioo kizima, kamera inapiga vizuri, chaji inafika jioni, lakini kwa kuwa kitufe cha katikati hakirudishi mwanzo, au cha ubavuni hakiwashi kioo, inatupwa kwenye droo na mwenyewe anaingia kwenye mkopo wa simu mpya. Ni hasara ya bure. Kitufe ni kati ya vitu vichache kwenye simu ambavyo hata asiye fundi anaweza kuvichunguza nyumbani kwake, na mara nyingi akavifufua.

Chini ya kitufe kuna kikuba cha bati jembamba, kidogo kuliko punje ya dengu, kilichokaa juu ya viguso vya umeme. Ukibonyeza, kikuba kinabonyea, kinaunganisha viguso, na simu inapata habari. Ukiachia, kinajirudi chenyewe. Ule mguno mdogo unaousikia kidoleni ndio huo. Habari inasafiri hadi kwenye bodi kupitia utepe mwembamba ambao mafundi wanauita fleksi. Hakuna zaidi. Kwa hiyo maradhi ya kitufe hayana mengi: uchafu umeingia, kikuba kimechoka, fleksi imekatika au kuachia, au programu ya simu yenyewe imelemewa.

Kidole kinaweza kukuambia ni lipi. Bonyeza taratibu usikilizie. Kama mguno upo na simu inaitikia baada ya sekunde kadhaa, kitufe hakina kosa. Simu imejaa picha na video mpaka inahema. Futa visivyohitajika, izime, iwashe upya. Kama mguno upo lakini inaitikia pale tu unapokandamiza kwa nguvu au kwa pembeni, viguso vina uchafu au kutu, jambo la kawaida kwa simu zinazoishi pwani, kwenye jasho na hewa ya chumvi. Kama hakuna mguno kabisa, kikuba kimevunjika au kuna kitu kimekibana. Na simu inayojizima na kujiwasha yenyewe bila kukoma huenda kitufe chake cha kuwashia kimezama ndani, na yenyewe inadhani umekishikilia. Hapo vua kava kwanza. Kava lililobana limewapeleka watu kwa fundi bila sababu.

Ugonjwa wa uchafu ndio unaotibika nyumbani. Kabla ya yote hamisha picha na namba za watu, maana simu mbovu haina dhamana. Izime, toa laini, na kama ni ya kufunguka nyuma toa na betri. Pita ukingoni mwa kitufe kwa mswaki mkavu na laini. Kisha chukua spiriti safi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, lowesha ncha ya pamba ya masikioni, uikamue mpaka isidondoke, upitishe kwenye ule mwanya unaozunguka kitufe. Bonyeza na kuachia mara nyingi, simu ikiwa imeinamishwa kifudifudi ili uchafu utoke badala ya kuzama. Rudia kwa pamba mpya mpaka itoke nyeupe. Iache ikauke saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na usiichomeke kwenye chaji upesi.

Petroli na thina viache huko huko gereji: vinayeyusha plastiki na gundi. Mafuta ya cherehani nayo yatalainisha kwa siku mbili, halafu yatakusanya vumbi, na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Na ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeachana na fremu, acha kila kitu. Hiyo ni betri iliyovimba, na betri iliyovimba haibonyezwi wala haichokonolewi.

Kitufe kikikataa hata baada ya usafi, simu bado inatumika. iPhone zina AssistiveTouch, iliyokuja na iOS 5 mwaka 2011: kiduara kinachoelea juu ya kioo na kufanya kazi ya kitufe. Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, utafute Menyu ya Ufikivu. iPhone iliyoisha chaji nayo hujiwasha yenyewe ikichomekwa kwenye umeme, kwa hiyo kitufe cha kuwashia kilichokufa hakikufungii nje. Mtu anaweza kuishi hivi miaka bila kutoa shilingi.

Kufungua simu ni habari nyingine, na hapa nasema wazi: si kila simu ifunguliwe nyumbani. Katika nyingi za Samsung za zama za Grand Prime, fleksi ya kitufe cha katikati iko nyuma ya kioo, na kioo kimegundishwa. Ukikinyanyua vibaya kinapasuka. iPhone 5s ya mwaka 2013 ina mtego wake. Kitufe chake kinasoma alama za vidole, na utepe wake ni mfupi, umetoka kwenye kioo kwenda mwilini mwa simu. Ukiinua kioo kwa pupa unakatika. Tena kitufe hicho kimefungamanishwa na bodi yake kiwandani. Ukiweka kingine, kitarudisha mwanzo tu. Alama za vidole ndiyo basi.

Wenye iPhone 6 waliyaona makubwa zaidi. Baadhi ya waliokuwa wamebadilishiwa kitufe walipopakua toleo jipya la programu, simu zilikwama kwa kosa namba 53. Mwaka 2016 Apple iliomba radhi na kutoa marekebisho, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo, kwa kuwaambia wateja kuwa hawana haki ya matengenezo kwa sababu tu fundi wa nje alizigusa simu zao. Nadhani ilistahili. Tangu Juni 2025, sheria za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa simu mpya wawe na vipuri kwa miaka saba baada ya kuacha kuziuza, vitufe vikiwemo. Sisi tunaonunua mtumba tunastahili kinga kama hiyo.

Kwa sasa kinga ni mdomo wako. Ukienda kubadilisha kioo cha iPhone yenye kitufe cha alama za vidole, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, mwambie fundi kabla hajashika bisibisi kwamba kitufe chako cha asili kihamishiwe kwenye kioo kipya, hata kama kioo hicho kimekuja na cha kwake. Kisha ujaribu kidole chako palepale dukani, kabla hujalipa.